Umande wa Mamlaka

Mtaani walimwita Bi Mita, na jina hilo lilimganda hata mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba yao, akawa analitumia. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akisoma mita za Mamlaka ya Maji, nyumba hadi nyumba, na katika miaka hiyo alikuwa amejua tabia ya kila mbwa na kisingizio cha kila mwenye nyumba. Kitu ambacho hakuzoea kukiona ni maji. Mabomba ya upande ule wa mji yalitoa maji kama bahili anavyotoa sadaka: kwa nadra, kidogo, na baada ya kelele nyingi. Siku nyingine yalitoa upepo mtupu, na mita, ambayo haikupewa akili ya kutofautisha, ilizunguka kwa bidii ileile. Kazi ya Bi Mita ilikuwa kuuandika upepo huo daftarini, kwa mwandiko safi.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye simu. Wakubwa wa Mamlaka waliingiwa na shaka kwamba wasoma mita wanakaa vibandani wakinywa chai na kupika namba. Shaka hiyo haikuwa bure. Bi Mita mwenyewe alikuwa amepika mara mbili, zote kwenye nyumba moja ambayo mbwa wake alikuwa amezaa. Basi kila msoma mita akapewa simu ya kazi. Na kwa kuwa vioo vya mita vilikuwa vimechakaa na namba zake ni ndogo kama mayai ya chawa, simu ilikuja na lensi ndogo ya kubana juu ya kamera, lensi inayokuza kitu mpaka vinyweleo vyake vikahesabika. Waraka ulioambatana nayo ulisema kila mita ipigwe picha "kwa namna isiyoacha shaka."

Asubuhi ya siku ya tatu, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, Bi Mita alifika kwa muuguzi mstaafu. Mita ya muuguzi ilikuwa chini, kwenye kisanduku cha zege kilichomezwa na ukoka. Bi Mita akapiga magoti, akasogeza simu mpaka ikabaki nafasi ya vidole viwili, maana lensi ile ukiiweka mbali zaidi ya hapo ni kama umeifumba jicho. Goti likateleza. Simu ikaenda pembeni, na badala ya namba likatokea jani moja la ukoka, kwenye ncha ya jani tone la umande, na ndani ya tone nyumba nzima ya muuguzi: bati, mlango, dirisha lenye pazia, na muuguzi mwenyewe akifagia uwanja, kichwa chini miguu juu.

Bi Mita akainua macho. Muuguzi alikuwa anafagia kama watu wote wanavyofagia. Akayarudisha macho kwenye simu. Kule bado alikuwa ananing'inia kama popo, ufagio mkononi, wala hana wasiwasi.

Alipiga picha kumi na moja. Kumi zilikuwa ukungu mtupu. Ile moja iliyobaki aliitazama njia nzima, akazipita nyumba mbili bila kuzisoma, tena bila mbwa yeyote kumzuia.

Kuanzia hapo akawa anatoka nyumbani saa moja kabla ya wakati wake. Alibeba gunia la kulalia, kwa sababu umande haupigwi picha na mtu aliyesimama. Alijifunza kuzuia pumzi, maana pumzi ya mtu mzima ni dhoruba kwa jani la ukoka. Aligundua kwamba jani la gimbi halikubali kulowa, tone linakimbia juu yake kama zebaki na kutulia katikati, na kwamba jani la boga lina manyoya, na kila unyoya umebeba shanga yake. Alimkuta mbu amelala juu ya ua la mchicha, amelowa chapachapa, mabawa yamemnata mgongoni, anasubiri jua kama mtu aliyefua nguo zake zote. Kufika saa tatu kila kitu kilikuwa kimekauka, na Bi Mita alirudi kuwa mtumishi wa Mamlaka.

Mtu mzima akionekana amelala kifudifudi kwenye uzio wa watu alfajiri, lazima maneno yatoke. Wifi yake, aliyekuwa akiishi nao, alisema kuna watu wanaotafuta vitu ardhini ambavyo hawakuvipoteza wao. Mwenye duka alikuja na maelezo yenye akili zaidi: alisema Bi Mita ametumwa kusikiliza bomba, na kwamba siku maji yakianza kuja, yeye ndiye atakayeyasikia kwanza. Habari hiyo ilipokelewa vizuri. Kwa wiki nzima watu wenye heshima zao walionekana alfajiri wamelaza sikio chini, wengine na ndoo pembeni.

Mumewe hakuuliza mpaka siku ya tano. Bi Mita akamwonyesha picha ya utando wa buibui uliojaa matone, uzi kwa uzi. Fundi aliivua miwani, akaivaa tena, akaitazama picha kwa muda ambao angeweza kukata suruali.

"Mshono wake ni mzuri," alisema mwishowe. "Hajaruka hata mmoja." Kisha akarudi kwenye cherehani, na suala likawa limekwisha baina ya mke na mume.

Kasoro ilikuwa moja. Simu ile ya kazi ilikuwa na tabia ya kujipelekea picha zote makao makuu kila jioni, bila kumuuliza mwenyewe. Huko kulikuwa na mtambo mpya wa kusoma namba. Mtambo ulipopewa tone la umande ulilifikiria, ukaliona ni duara, ukaandika sifuri. Haukupita muda, nyumba sita zikawa zimeorodheshwa kuwa ni magofu, pamoja na ya muuguzi mstaafu, na barua ikatoka ya kumpa muuguzi pole kwa kuhama.

Muuguzi alipokwenda kulalamika kwamba bado anaishi, jalada lilifunguliwa, na picha zikaonekana. Zilizunguka ofisi hadi ofisi. Idara ya Ufundi ilisema hayo si maji ya bomba, hivyo hayaihusu. Idara ya Ubora ilisema hayajapimwa. Mhasibu alitaka kujua kama yana mteja. Mwisho jalada likatua kwa Afisa Habari, mtu wa suti ya kijivu na maneno marefu, ambaye kwa miezi miwili alikuwa anatafuta picha za maji kwa ajili ya kalenda ya Mamlaka. Alikuwa amezunguka na mpiga picha mji mzima, na hawakupata bomba hata moja lililokubali kutoa maji mbele ya kamera.

Akaagiza Bi Mita aitwe. Bi Mita alivaa viatu vyake vya kuendea harusi za watu, kwa sababu aliamini mtu anayefukuzwa kazi asifukuzwe akiwa na ndala. Alikuta picha zake zimetandazwa mezani, zimechapishwa kwa ukubwa wa sinia.

"Hizi ni zako?" Afisa Habari aliuliza.

"Ni za umande, mheshimiwa. Mimi nimepiga tu."

"Bi Mita, unajua tunaona nini hapa? Tunaona taswira chanya."

Bi Mita aliangalia tena. Aliona mbu. Lakini alikuwa amekaa kazini miaka ya kutosha kujua kwamba bosi akiona kitu, kipo, akaitikia kwamba naye anaiona. Akaelezwa kuwa kalenda itatolewa na picha zake, mwezi kwa mwezi, chini yake maneno: KILA TONE LINAKUFIKIA. Meneja Mkuu alizipitia yeye mwenyewe na inasemekana alifurahi mno, akasema hajawahi kuona maji masafi namna hiyo tangu ashike ofisi. Picha kumi na moja zilipita. Iliyokosekana ni ya kumi na mbili, ambayo ingekaa pia kwenye bango kubwa la kitambaa, ghorofa nne, mbele ya jengo la Mamlaka, siku ya uzinduzi.

Nataka msikilizaji aelewe kwamba Bi Mita alifurahi. Hakuna aliyewahi kumwita kwa kazi aliyoifanya vizuri. Usiku ule aliyarudia maneno ya Afisa Habari mbele ya mumewe na wifi yake, na wifi, ambaye hakupenda kushindwa, alisema yeye aliliona jambo hilo tangu mwanzo.

Sasa kiangazi kikaingia. Ukoka ukageuka rangi ya gunia, majani ya boga yakajikunja, na asubuhi zikawa kavu kama koo la mpiga debe. Bi Mita alilala kifudifudi siku nane hakuambulia unyevu. Akaenda kumwambia Afisa Habari kwamba umande umekwisha mpaka msimu ujao. Afisa Habari alimsikiliza kwa uvumilivu, kama mtu anayeelezwa na mtoto kwa nini amelowanisha kitanda, kisha akaandika barua kwa Meneja Mkuu. Jibu lilikuja siku ileile. Palipo na dhamira, lilisema, hapakosi njia.

Siku ya Alhamisi, alfajiri, boza la Mamlaka, lori lenye tangi la maji, likaja na kusimama mbele ya nyumba ya Bi Mita. Dereva wake alikuwa mzee mmoja mkimya aliyeitwa Polepole, na mkononi alikuwa na hati ya kazi. Bi Mita aliisoma mara mbili. Ilisema: maji, lita elfu kumi, yamwagwe eneo la msoma mita kwa ajili ya umande.

Hapo Bi Mita alipatwa na jambo ambalo hakulitegemea: aliona aibu. Hiyo ilikuwa siku ya thelathini na nne mtaa huo haujapata maji. Muuguzi mstaafu alikuwa ananawa uso kwa kikombe, na maji yaleyale ndiyo aliyomwagilia mche wake wa mpapai. Na hapa palikuwa na lita elfu kumi zimekuja kulowesha nyasi ili zipigwe picha.

Aliingia ndani, akachukua ile chupa ya mumewe ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Akaijaza kwenye mpira wa boza, akachagua jani moja la ukoka lililobakiwa na kijani chembamba, akalinyunyizia mara tatu. Matone yakakaa. Hayakukaa kama umande unavyokaa, yalikuwa ya mbiombio, makubwa kwa madogo yamechanganyikana, na Bi Mita aliyaona ni ya kughushi kama namba zile mbili alizowahi kuzipika. Lakini kamera haina uchaguzi.

"Umemaliza?" Polepole aliuliza.

"Nimetumia nusu kikombe. Rudi nayo haya mengine."

"Siwezi kurudi nayo. Getini wanaandika lililotoka limejaa na lililorudi tupu." Dereva aliikunjua hati, akaisoma tena taratibu, kidole chini ya mstari. "Inasema yamwagwe hapa. Haisemi yamwagwe ndani ya nini."

Walitazamana. Bi Mita alikwenda akagonga mlango wa muuguzi, akamwambia neno moja tu, na muuguzi hakuhitaji la pili. Ndani ya dakika tano foleni ilikuwa imefika dukani. Zilikuja ndoo, madumu, masufuria, karai la fundi mwashi lenye saruji iliyoganda, na beseni ambalo mtoto alikuwa ametolewa ndani yake muda huohuo. Wifi alikuja na vyombo vitatu na kusimama sehemu tatu za foleni, jambo ambalo mpaka leo watu wanajadili alivyoliweza. Polepole alishika mpira kimya, akijaza bila kumwaga. Alimwambia Bi Mita, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Alhamisi kwa kawaida huwa anayapeleka maji hayo nyumbani kwa Meneja Mkuu kwenye bustani, na kwamba majani ya kule yanakunywa sana.

Jua lilitoka. Bi Mita akalitandika gunia, akalala, akasogeza lensi kwenye jani lake. Ndani ya tone kubwa zaidi, kichwa chini miguu juu, mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni: ndoo, madumu, mgongo wa muuguzi, na boza lenye nembo ya Mamlaka. Alizuia pumzi, akapiga. Alipiga nyingine thelathini akijaribu kupata tone lisilo na watu, lakini watu walikuwa kila upande, na tone halichagui la kuonyesha. Iliyotoka kali kuliko zote ilikuwa ile ya kwanza.

Aliziona zile ndoo, na mtu asije akakwambia hakuziona. Zilikuwa ndogo kama punje za mtama, lakini yeye alikuwa amezoea kusoma vitu vidogo. Jioni alikaa na simu mapajani, dole gumba juu ya kitufe cha kuiteua ile ya kwanza kuwa picha ya kumi na mbili, muda mrefu. Akakumbuka ule waraka uliosema picha zisiache shaka. Akabonyeza.

Kamati ya watu saba iliijadili picha hiyo kwa saa mbili na chai. Mmoja alisifu utulivu wake. Mwingine alisema inamkumbusha utoto. Afisa Habari alisema ina uwazi na uwajibikaji. Wote waliitazama kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja, na hakuna aliyevaa miwani, kwa kuwa Meneja Mkuu hakuwa amevaa.

Siku ya uzinduzi wakazi wa mtaa wa Bi Mita waliletwa kwa basi, wakakalishwa kwenye viti vilivyoandikwa WADAU. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisoma hotuba kuhusu tone, akavuta kamba, na pazia likaanguka. Tone lilikuwa kubwa kuliko chumba. Na ndani yake, kila mmoja na kimo cha mtu mzima, walining'inia watu wa mtaa na vyombo vyao.

Kisha muuguzi mstaafu akasimama kwenye safu ya pili.

"Ile ndoo yenye mfuniko mwekundu ni yangu," alisema kwa sauti ya mtu anayetambua mzigo wake stendi. "Lakini mbona mimi nimetundikwa?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji ambayo hayajawahi kuja. Mgeni rasmi hakucheka. Aliinamisha kichwa upande, kisha upande mwingine, mpaka karibu ageuke yeye.

"Hawa ni nani?" alimuuliza Afisa Habari.

"Ni wadau, mheshimiwa."

"Na wanafanya nini?"

"Wanashiriki, mheshimiwa."

Bi Mita, aliyekuwa amesimama kando na viatu vyake vya harusini, alirudi nyuma hatua moja. Meneja Mkuu alikuwa amebadilika rangi. Lakini mgeni rasmi aliiona nembo kwenye boza, akalinyooshea kidole, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe mnawapelekea wananchi maji mpaka mlangoni, halafu mnanyamaza," alisema kwenye kipaza sauti. "Huu ndio unyenyekevu tunaoutaka. Meneja, hii ni kila wiki?"

Meneja Mkuu alitazama wadau. Wadau walimtazama yeye, wote kwa pamoja, bila kupepesa.

"Kila Alhamisi, mheshimiwa," alisema.

Basi ikawa hivyo, kwa kuwa neno lililosemwa kwenye kipaza sauti ni gumu kulirudisha. Boza likaja mtaani kila Alhamisi, Polepole akiwa na hati mpya iliyoandikwa safari hii "kwa ajili ya wadau." Bustani ya Meneja Mkuu ikapata rangi ya bustani za watu wengine. Mabomba yenyewe yaliendelea kutoa upepo.

Bi Mita alipokea barua mbili kwa siku moja, tarishi mmoja. Ya kwanza ilitoka Idara ya Utumishi, ikimtaka aeleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuingiza wananchi ndani ya maji ya Mamlaka bila kibali. Ya pili ilitoka ofisi ya Meneja Mkuu, ikimpongeza kwa ubunifu wa kuonyesha huduma inavyomfikia mwananchi. Mumewe alishauri ajibu moja kwa kuambatanisha nyingine. Alifanya hivyo, na kwenye maelezo yake akaandika mistari miwili: "Nilipiga picha ya tone kama nilivyoagizwa. Watu nimewakuta humo ndani." Utumishi hawakuandika tena.

Mvua zilipokaribia, Mamlaka iliona umande ni jambo zito mno kuachiwa msoma mita. Ikatangaza nafasi ya Mtaalamu wa Taswira za Maji, shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka mitano. Bi Mita hakuwa na shahada, akaambiwa ampokee atakayeajiriwa na kumwonyesha mazingira. Alikuja bwana mmoja wa makamo, mpole, koti la mifuko kumi na miwili, na kamera ambayo lensi yake ilihitaji kubebwa kwenye sanduku la peke yake. Aliripoti saa nne asubuhi, akasimama kwa muuguzi, akaangaza huku na huku.

"Umande uko wapi?"

"Umeshaondoka," Bi Mita alimjibu.

"Umeondoka saa ngapi?"

"Kabla ya saa za kazi."

Yule bwana aliandika kwenye daftari. Kesho yake alikuja saa tatu na nusu, akaandika tena. Wiki ya pili taarifa yake ikafika makao makuu, ikisema kuwa umande wa eneo hilo hautoi ushirikiano, na Afisa Habari akapendekeza semina. Bi Mita alimhurumia. Alimwambia, tena kwa heshima, maana alikuwa na shahada: njoo saa kumi na mbili kasoro, vaa nguo ambazo mkeo hatazililia, na usije na sanduku.

Akaja. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake, na ukoka wa muuguzi ulikuwa umejaa matone kila ncha. Bi Mita alimtandikia gunia lake, akamwonyesha pa kuweka kiwiko, akambania ile lensi ndogo kwenye simu yake mwenyewe. Bwana alilala chini na koti lake la mifuko, akalalamika kidogo kuhusu mgongo, akasogeza simu karibu, karibu zaidi, kisha akanyamaza. Muuguzi alitoka na ufagio, akawasalimia wote wawili, akaanza kufagia. Yule bwana hakuitikia.

Bi Mita alimsubiri dakika kumi. Aliangalia saa, akamwangalia yule mtu, akaona hana haja ya kumuaga. Alichukua daftari lake akashika njia, kwa sababu zilikuwa zimebaki nyumba arobaini na sita, na ile ya mbwa ilikuwa ya kwanza.